Mahali asipolia mtoto



Sisi watu wa Kivu tukisikia habari za kuungua, mawazo yetu yakimbilia Sange. Tarehe 2 Julai 2010, lori la benzini lilipinduka pale, katika barabara ya Uvira, likawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Msiba ule hausahauliki. Lakini kuna moto mwingine, ule wa mafiga matatu, unaounguza watoto wetu bila kuandikwa popote. Juu ya moto huo mdogo nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe.

Jioni moja nilikuwa uani nikitayarisha mafundisho ya wakatekumeni. Binti yetu wa miaka mitatu alivuta sufuria ya maharagi yaliyokuwa yakichemka. Mchuzi ukammwagikia kifuani na mkononi. Mke wangu aliinua bidoni ya maji, nami nikamzuia: «Acha, Mama! Maji yatatoa malengelenge.» Nikatwaa mafuta ya mawese, nikampaka mtoto mkono wote, na kifuani juu ya nguo yake. Majirani walikuwapo, wala hakuna aliyenipinga, kwani mimi ni mwalimu, nami nilisoma seminarini miaka mingi. Hiyo ndiyo aibu yangu: ujinga wa mtu aliyesoma hauna wa kuusahihisha.

Nilipomgusa mkono, alipiga kelele. Nilipomgusa kifua, hakulia. Nikamwambia mke wangu: «Tushukuru, kifua ni kizima.»

Tulifika dispensari kwa pikipiki. Mama mganga aliuliza kwanza: «Aliungua saa ngapi?» Akaandika. Ilikuwa imepita kama saa moja. Akamvua nguo polepole, akapangusa mafuta yangu, akamfunika blanketi mahali pasipoungua, kisha akamwagia jeraha maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, muda wa dakika 20.

«Mwalimu,» akasema, «ngozi yaendelea kupikwa hata moto ukiondoka. Mafuta hayaipozi. Maji ndiyo dawa ya kwanza, nayo yafaa hata yakichelewa masaa 3. Lakini upoze jeraha, usimpoze mtoto. Mtoto apate joto.»

Halafu akanionyesha jinsi ya kusoma jeraha. Mkono ulikuwa mwekundu, wenye majimaji na malengelenge. Kifua kilikuwa cheupe, kikavu, kwa sababu nguo ilishika mchuzi wa moto juu ya ngozi. «Hapa anapolia, mishipa ya fahamu ingali hai. Pale asipolia, imeungua pamoja na ngozi. Hapo ndipo pabaya.» Niliinama, kwani ndipo mahali nilipopashukuru.

Alitaka pia kujua ukubwa wa jeraha. Nikanyosha mkono wangu nimsaidie kupima. Akakataa: «Si wako, wake.» Kiganja cha mtu mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni karibu sehemu 1 katika 100 ya mwili wake. Mahali palipokuwa pekundu tu, bila lengelenge, hakupahesabu. Alipata viganja 12. Mtoto akipita 10, na mtu mzima akipita 15, yafaa apelekwe hospitali atiwe serumu, kwa maana mwili ulioungua wapoteza maji mengi ndani ya masaa machache, hata damu ikashindwa kuzunguka vizuri. Serumu hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na ukubwa wa jeraha. Nusu yake hupita katika masaa 8 ya kwanza, yakihesabiwa tangu saa ya kuungua, si saa ya kufika. Ndiyo maana aliandika saa. Akafunika jeraha kwa kitambaa safi, akatuandikia barua ya hospitali usiku uleule.

Mkono ulipona kwa juma mbili. Kifua hakikupona chenyewe; waganga walitwaa ngozi ya paja wakaibandika pale. Binti yetu yu mzima leo, anasoma, anaruka kamba. Lakini kovu lipo, na kila nikilitazama nakumbuka bidoni niliyoizuia.

Basi, ndugu zangu, shikeni haya. Nguo ikiwaka, mtu alale chini ajiviringishe. Ondoeni nguo na bangili upesi, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Maji dakika 20. Msipake mafuta, wala yai, wala dawa ya meno, wala udongo. Msipasue malengelenge. Msibandike pamba, kwani hushika kidondani. Jeraha la uso, la mikono, la viungo au la sehemu za siri, na la umeme, lipelekwe kwa mganga hata likiwa dogo. Aliyefungiwa katika moshi, sauti yake ikikwaruza, asingoje hata kidogo. Na mwulize habari ya sindano ya pepopunda.

Majuto ni mjukuu, nami nimekwisha kumlea. Siku hizi bidoni ya maji haitoki karibu na mafiga yetu. Ninyi walimu wenzangu, watu hutusikiliza hata tunapokosea. Tukumbuke hayo kabla ya kumshika mama mkono.