Ukishapewa Ripoti, Usiende Zako Bado

Nafanya kazi katika kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalum hapa Kenya. Vituo hivi, tunaviita EARC, vilianza mwaka 1984, na vingi vimo ndani ya uwanja wa shule ya msingi: chumba kimoja, kabati la faili, meza ndogo ya mtoto. Sisi ni walimu tuliosomea elimu maalum, si madaktari. Jua hilo kabla hujapanda matatu, kwa maana wako wanaokuja kutuomba dawa.

Huna haja ya kungoja shule ikutume. Na shule ikikutuma, isome ile barua. Nyingine zimeandikwa ili mtoto aondolewe, si ili asaidiwe: "Hafai darasa la kawaida." Mwalimu ana darasa limejaa hadi mlangoni, amechoka, basi anatafuta mahali pa kumpeleka huyu mmoja.

Aliletwa kijana wa Gredi ya 3 na barua kwamba ni mzito wa kushika. Kila swali alijibu "ndiyo". Nikasimama nyuma yake nikamwita jina lake, hakugeuka. Sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha. Mama akasema huo usaha huja na kupotea tangu utotoni. Kijana alikwenda kwanza kwa tabibu wa masikio. Sisi hatukumwandikia kitengo maalum. Tuliandika akae mbele, sikio zima lielekee kwa mwalimu, na maagizo yaandikwe ubaoni. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Kwenye ripoti ndipo wazazi hupotelea. Wanaona karatasi yenye muhuri wanashukuru, wanaenda zao. Lakini ripoti inayomalizia kwa "mtoto anahitaji usaidizi" haimlazimishi mtu kufanya lolote. Kabla hujainuka kitini, mwulize afisa: nani atafanya nini darasani, mara ngapi kwa wiki, na mtoto apimwe tena lini? Akuandikie. Tunaweza kuandika hivyo. Foleni ikiwa ndefu ndiyo hutufanya tufupishe. Na ukimpeleka mtoto kupimwa, nenda na daftari la hesabu na la Kiswahili, si kadi ya kliniki peke yake. Daftari moja lililochafuka kwa kufutwafutwa hunieleza mengi kuliko maneno ya mwalimu.

Halafu toa nakala ya ripoti. Kuna shule niliyoingia nikaikuta ripoti yetu kwenye droo ya mwalimu mkuu, bahasha bado imegundishwa. Aliyeipokea alikuwa ameshahamishwa, na mwalimu wa darasa hakuwahi kuisikia. Basi shule ikipokea, ikugongee muhuri kwenye nakala yako, na mwalimu wa darasa apate yake. Yeye ndiye wa kuandika IEP, ule mpango wa mtoto mmoja mmoja.

Jambo jingine: usichanganye ripoti yetu na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi inaanzia hospitalini, kwa madaktari. Hiyo kadi haimpi mtoto IEP, na ripoti yetu haimpi kadi. Nimeona watu wakifuatilia moja muhula mzima wakidhani wanaipata ya pili.

Mitihani nayo. Baraza la mitihani, KNEC, hutoa Breli, maandishi makubwa na muda wa ziada, lakini ombi hupitia shuleni wakati wa usajili, likiwa na ripoti ya upimaji. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Kila mwaka, muhula wa tatu, mzazi huja mbio, na sina la kumwambia isipokuwa pole.

Anayetakiwa kurudi shuleni kuona kama ripoti imefuatwa ni mimi. Gari hatuna, na nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo usiningoje. Shule zikishatulia baada ya kufunguliwa, nenda uombe kuonyeshwa IEP yenyewe, si kuambiwa ipo. Ukizungushwa, chukua nakala yako hadi kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Ukitaka, taja Kifungu cha 54 cha Katiba, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia taasisi za elimu. Lalamiko liwe la maandishi, lipigwe muhuri wa tarehe. Usipige simu, simu haiingii kwenye faili.