Kumtafuta Askari Aliyezama Baharini

Mtu atokaye mjini Nairobi kwa njia ya Ngong, akaelekea upande wa Karen, hupita kando ya msitu, na hapo penye msitu ndipo yalipo makaburi ya Vita vya Pili vya Dunia. Wapitao na matatu kila siku ni wengi. Waingiao ni wachache. Makaburi hayo yalianzishwa na wakuu wa jeshi mwaka 1941, wakati majeshi yalipokuwa yakipigana na Waitalia katika Somalia na Uhabeshi, na waliozikwa humo wakaribia 2,000. Nyasi zimekatwa fupi, nayo makaburi yamepangwa safu safu kama askari katika gwaride.

Lakini si kila aingiaye hutafuta kaburi. Wako watafutao jina tu, kwa kuwa mwili haukupatikana. Humo ndani imejengwa Kumbukumbu ya Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa majina yaliyoandikwa hapo ni ya vijana waliokuwa katika meli iitwayo Khedive Ismail.

Meli hiyo iling'oa nanga Kilindini tarehe 5 Februari 1944, pamoja na meli nyingine nne za kuchukua watu, zikilindwa na manowari. Safari ilikuwa ya kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, maofisa, na wanawake wauguzi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga kwa topido. Haikupita dakika tatu meli ikawa imekwisha zama. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata nafasi hata ya kuzifikia ngazi. Ndipo likatokea jambo la kutisha zaidi: nyambizi ilikuwa imejificha chini, karibu na mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za Waingereza, zikiogopa meli nyingine zisije zikapigwa, ziliangusha mabomu katika maji yale yale. Nyambizi nayo ilizamishwa baada ya mapigano marefu. Waliokufa katika Khedive Ismail walikuwa 1,297. Waliookolewa walizidi 200 kidogo tu.

Hapa ndipo wengi wamtafutao ndugu yao hupotea njia. Katika nyumba nyingi za Kenya husemwa tu kwamba babu fulani alikwenda Keya, akapelekwa Burma, asirudi. Neno Keya limetoka katika herufi tatu za King's African Rifles, lakini wazee wetu walimwita kila askari mtu wa Keya, awe wa bunduki, wa mizinga au dereva wa lori. Basi mjukuu huenda akayasoma majina ya King's African Rifles yote, kutoka la kwanza hata la mwisho, asimwone babu yake. Au hudhani yuko Taukkyan, karibu na mji wa Yangon, penye kumbukumbu ya watu wapatao 27,000 waliokufa katika vita vya Burma na makaburi yao hayajulikani. Kumbe kijana yule hakufika Burma kamwe. Alikuwa mtu wa mizinga, na jina lake liko hapa Nairobi, mwendo wa matatu moja kutoka mjini.

Kwa hiyo afadhali kuanza na kikosi na namba ya askari kabla ya jina. Barua ya zamani au karatasi yoyote ya jeshi iliyohifadhiwa sandukuni yaweza kuwa na namba hiyo. Jina hudanganya. Karani aliyeandikisha watu aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Herufi r ikawa l, jina la baba likatangulia la mwana, na wako vijana waliojiandikisha kwa majina yasiyo yao. Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha yake katika intaneti, nayo husomwa bila malipo. Ni vizuri kujaribu kila namna ya kuliandika jina kabla ya kukata tamaa.

Hata hivyo, wenye kutafuta watu wa vita vya pili wana bahati kuliko wenzao wa vita vya kwanza. Katika Kenyatta Avenue zimesimama sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918. Ni sanamu nzuri, wala hakuna jina hata moja la mchukuzi. Mwaka 2021 Halmashauri hiyo ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu wa mchukuzi, akija Nairobi leo, ataonyeshwa sanamu hizo, kisha ataonyeshwa soko la Kariokor, lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps.