Kazi za Mikono, Mlali

Nilipokuwa mwanafunzi Mlali, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kazi za Mikono ilikuwa Ijumaa mchana. Wavulana tulileta mafagio na mipini ya majembe, wasichana wakashona vitambaa vya meza. Mwalimu alikagua, akaandika alama, na vitu vikaenda stoo. Hakuna aliyeuliza vinatengenezwa kwa ajili ya nani. Sisemi kwa lawama: mpini wangu baba aliulimia misimu mingi.

Nyuma ya Ijumaa ile palikuwa na fikra nzito. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia shamba na karakana, na mtoto ajifunze kufikiri mwenyewe na kuamua mambo ya kijiji chake badala ya kungoja ajira ya ofisini. Kilichotufikia sisi ni jembe. Kile kipande cha kufikiri na kuamua kilishukia njiani, pengine pale Sangasanga, barabara yetu inapoachana na ile ya Iringa.

Niliporudi kufundisha, somo lilikuwa limebadilika jina na kuwa Stadi za Kazi. Kwa miaka mingi halikuwa na karatasi yake kwenye mtihani wa darasa la saba, na kila mwalimu anajua maana yake: vipindi viliazimwa na Hisabati wala havikurudishwa. Baadaye liliunganishwa na Maarifa ya Jamii na kuanza kutahiniwa. Basi watoto wakakariri hatua za kutengeneza sabuni, wengi bila kuishika soda wala mafuta. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi, kusahauliwa au kukumbukwa namna hiyo.

Mabadiliko yalinijia mjini Morogoro, kwenye semina ya walimu iliyoendeshwa na vijana waliovaa fulana. Walitufundisha njia ambayo Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kimeieneza sana: usianze na kitu, anza na mtu. Mwangalie anavyohangaika, muulize, tengeneza mfano wa haraka kwa maboksi na kamba, umpe aujaribu, kisha urekebishe. Walitutajia Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha aliyebuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa mwendo wa baiskeli, kisha akashiriki kuanzisha karakana ya Twende, ambako watu wa kawaida hufundishwa kubuni vifaa vyao. Wenzangu wengine walisinzia. Mimi nilikaa macho kwa sababu kila walichosema kilinikumbusha habari za matuta.

Mtoto wa Uluguru hukua akisikia habari hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuokoa udongo wa milima yetu: kila mtu achimbe matuta ya ngazi shambani kwake, kwa amri. Kwenye karatasi yalipendeza. Lakini sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba unaufukia na kuleta juu udongo usiootesha kitu. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo na mavuno hayakuongezeka. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, upande wa mashariki, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Ila panda Mgeta leo utayakuta matuta kila upande, yamejaa kabichi na karoti. Kule maji ya mfereji yapo na mboga zinauzika, hivyo jasho la kuchimba lilikuwa na malipo. Mabwana shamba wa kikoloni wangeuliza kwanza, wangejua wapi pa kuchimba na wapi pa kuacha.

Nikaanza somo langu jipya kwa habari hiyo, nikawauliza darasa: hapa Mlali nani anahangaika, na nini? Walijibu karibu kwa pamoja: nyanya.

Wakati wa mavuno Fuso zinapakia matenga hapa usiku na mchana kwenda Dar es Salaam. Tenga ni kubwa, limesukwa kwa fito, limetandikwa nyasi na kujazwa hadi kichuguu. Nyanya za chini zinabeba uzito wote wa wenzao, na zikifika sokoni zimepondeka, zinauzwa masalo kwa bei ya kutupa. Darasa likaona jibu ni rahisi mno: tengeneza kreti dogo la mbao. Wakalitengeneza, tena zuri, wakalipeleka barabarani kwa kiburi kidogo.

Kuli mmoja aliligeuzageuza, kisha akacheka. "Wanangu, hili nauli yake ni ya tenga zima. Nani atalipa mara tatu?"

Hapo ndipo somo lilipoanza hasa. Nauli hapa hulipwa kwa tenga, si kwa kilo. Mnunuzi naye hununua kwa tenga, kwa hiyo kila nyanya anayoizidisha juu ni faida yake, na iliyopondeka chini amekwishaihesabu kwenye bei. Anayeumia ni mkulima. Wanafunzi walirudi kimya, wakakaa na bibi mmoja msusi, wakaondoka na wazo la chano cha fito kinachoegemea kuta za tenga katikati, ili nusu ya juu isiilemee nusu ya chini. Kuli alikubali, akilalamika kwamba kinachelewesha kupakia. Wakakifupisha. Mkulima mmoja akakitumia, kisha jirani yake akaomba.

Wanafunzi wakauliza wauze chano shilingi ngapi. Walihesabu bei ya fito na kamba, wakasahau saa za mikono yao wenyewe. Nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba katika shule zetu kazi ya mtoto haijawahi kuwa na bei. Shamba la mwalimu lililimwa bure. Nimetumia vipindi vingi zaidi kwa hesabu hiyo moja kuliko kwa ususi wenyewe. Wala si ya chano tu: kijana anayechora maandishi ya bodaboda na vibao vya maduka hafi njaa kwa kukosa kipaji. Anakufa njaa kwa kusema "nipe chochote tu, bosi." Sasa kila anayeandika kibao hapa darasani kwanza anaandika makadirio: rangi, brashi, saa, na malipo ya awali. Mmoja wao aliyemaliza anachora matangazo kwa simu yake, wateja wako mjini na hawajawahi kumwona.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza, na kidato cha kwanza kikafunguliwa mkondo wa amali. Nimeupokea kwa furaha na hofu. Furaha kwa sababu stadi zimerudi mezani kwa heshima. Hofu kwa sababu naijua shule: karatasi ya mtihani hufika kabla ya randa na msumeno.

Kikundi cha mwaka huu kimeliacha tenga. Wanasema tatizo haliko kwenye fito, liko kwenye kipimo. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa, ule ujazo wa kichuguu, kwa miaka, na wanataka kujua kwa nini Mlali bado inahesabu matenga. Wanabuni kituo cha mizani kando ya barabara, wamechora hadi kibanda, na sasa wanabishania mizani ikae kwa nani. Mvulana mmoja alipendekeza ikae kwa mnunuzi kwa kuwa ndiye mwenye pesa, wenzake wakamcheka mpaka akafuta mchoro wake. Siku ya gulio wanakwenda kuwauliza wakulima.