Sebule ndefu, kutoka Lamu hadi London

Familia nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zilizohamia London zimekutana na sebule ya aina moja: ndefu, nyembamba, yenye dirisha kila ncha. Ni zile nyumba zilizoshikana mfululizo, zilizojengwa enzi za Malkia Victoria. Zamani palikuwa na vyumba viwili, cha mbele cha kupokelea wageni na cha nyuma cha wenyeji. Katika karne ya 20 wenye nyumba wengi waliubomoa ukuta wa kati, wakaweka boriti ya chuma ibebe uzito wa juu, na viwili vikawa kimoja. Urefu ukafika mita 7 au zaidi. Upana haukuongezeka hata kidogo: mita 3 na ushei.

Mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam huanza na mpangilio anaoujua. Kochi la watu watatu ukuta huu, la wawili ukuta ule, televisheni mwisho kabisa, meza katikati. Matokeo yake chumba hufanana na mahali pa kumsubiri daktari. Aliyekaa ncha moja hamsikii wa ncha nyingine, na katikati, mbali na madirisha yote mawili, pana giza mchana kutwa.

Waingereza wanayo dawa yao, na inafaa. Chumba hugawanywa mara mbili bila kujenga ukuta. Kochi husogezwa mbali na ukuta na kuwekwa kwa kukatiza upana, mgongo ukielekea meza ya kulia chakula iliyo upande wa jikoni, na pembeni huachwa njia ya kupita. Zulia moja kubwa hukusanya viti vya maongezi mahali pamoja. Taa za kusimama huangaza ile sehemu ya kati, na kioo kikubwa hutundikwa kwenye ukuta mrefu kirudishe mwanga wa dirishani. Mapengo mawili ya ukutani, pande za dohani, hutiwa rafu za vitabu, kwa hiyo hakuna kabati linalotokeza sakafuni.

Rafu hizo zingemfurahisha sana mtu wa Lamu. Nyumba kongwe za mawe za mji ule, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina vyumba vyembamba kuliko vya London. Sababu ni mti. Dari zake, nzito kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi. Fundi aliyetaka chumba kikubwa aliweza kukirefusha tu.

Hapo ndipo ustadi ulipozaliwa. Kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, vyumba hufuatana kwa upana wake: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Mtu huingia kwa ubavu mrefu, jicho likakutana na ukuta mpana badala ya kukimbia hadi mwisho, na mwanga wa kiwandani huingia kwa ubavu huo huo. Kwenye ncha paliwekwa kitanda na kufungwa pazia, basi urefu ukapungua na faragha ikapatikana. Vyombo vya kauri vilipangwa ndani ya zidaka, vishubaka vilivyomo ukutani kwenyewe, na katikati pakabaki wazi.

Boriti hizo hizo za Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Maskati, Bahrain na Kuwait, ndiyo maana vyumba vya zamani vya huko navyo ni vyembamba. Katika majlisi zao, vyumba vya kupokelea wageni, watu huketi wakiegemea ukuta, na bado panapendeza, kwa sababu godoro la kukalia ni jembamba na liko chini.

Kumbe kubandika viti ukutani si kosa lenyewe. Tatizo ni unene wa viti. Makochi mawili yanayotazamana, kila moja sentimita 95, humeza karibu mita 2 kati ya 3; ukiweka na meza, hakuna pa kupitishia sinia la chai. Magodoro mawili ya sentimita 70 huacha mita 1.6.

Fleti nyingi mpya za Dar es Salaam zina sebule zinazofanana zaidi na za London kuliko za Lamu: mlango ncha hii, roshani ncha ile. Hata hivyo madukani bado husifiwa seti kubwa zilizojaa sponji, zilizobuniwa kwa vyumba vya mraba. Lakini mkazi wa Dar ana nafasi ambayo wengi wa London, wanaonunua kochi lililokwisha kukatwa kiwandani, hawana: anaweza kwenda kwa mafundi wa samani wa Keko na vipimo vya chumba chake, akamwambia fundi apunguze kina cha kiti, aondoe mikono minene, ashushe mgongo usizibe mwanga wa roshani. Afike na futi kamba, na kabla ya kutoa malipo ya awali achore umbo la kochi kwa chaki kwenye sakafu ya sebule yake, kisha apite kando yake akiwa ameshika sinia.