Konokono asiye na mlango

Watoto wetu wa Uvira wanacheza na konokono tangu wanapojua kutembea. Sisi walimu tuliosoma biolojia tunapenda kuwafundisha kuwatofautisha, kwa sababu hapo pana afya ya tumbo lao.

Juu ya mawe ya ziwa, upande wa kusini baada ya Kalundu, anakaa konokono mwenye gamba nene lenye matuta. Wataalamu wanamuita Lavigeria, na duniani kote anapatikana Tanganyika tu. Ukimgusa anajivuta ndani na kufunga mlango, yaani kifuniko kigumu kilichoshikamana na mguu wake. Jike hatagi mayai, anazaa vitoto vilivyo na gamba tayari. Huyu haleti kichocho.

Mwingine anaitwa Biomphalaria. Anapenda maji yaliyotulia yenye majani: mifereji ya mpunga katika bonde la Ruzizi, madimbwi, kando ya mto ambapo maji yanaenda polepole. Gamba lake ni bapa, limejizungusha kama kamba iliyolazwa chini, na upana wake ni kama ukucha wa kidole gumba. Hana mlango. Anapumua hewa kwa pafu, na damu yake ni nyekundu kama yetu. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, kwa hiyo akibaki mmoja tu anaweza kulijaza dimbwi tena. Ndiyo maana kuwaponda kwa mawe hakumalizi kazi.

Ndani ya huyu ndimo minyoo ya kichocho cha tumbo inapokulia. Mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai yanaanguliwa na kijidudu kinamtafuta konokono huyo. Baada ya majuma machache anatoa vijidudu vingi sana, zaidi wakati jua ni kali. Vinapenya ngozi ya mtoto kwa dakika chache, na jicho halivioni. Basi usiseme maji ni salama kwa kuwa hukuona konokono.

Darasani tunamwona mtoto anayeshika tumbo na kuchoka mapema. Tunajua pia kwamba bomba likikauka, sisi sote tunabeba bidoni kwenda mtoni. Tufanye tunachoweza: maji ya kuoga yakae siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, haja kubwa iende chooni, watoto wasiogelee kwenye majani saa za mchana. Mtoto akitoa damu kwenye choo, au tumbo likimuuma kila mara, tumpeleke kituo cha afya. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Inaua minyoo, lakini haimkingi mtoto anayerudi kwenye maji yaleyale.

Juma hili tuwaulize watoto: konokono wenu mlimwokota wapi, na je, alikuwa na mlango?