Msitu wa Amani na Deni la Mgeni

Wako watu wengi wa Tanga wasiopata kuuona msitu wa Amani, wala hawajui ya kuwa maji ya mitungini mwao yatoka upande ule. Maana mto Sigi, unaowanywesha watu wa mjini, hushuka kutoka milima ya Usambara ya Mashariki, ambako mvua ya mwaka hufika karibu milimeta 2,000. Miti huipokea mvua hiyo, na ardhi yake huitoa polepole, hata wakati wa kiangazi. Basi twaona yafaa kueleza habari za mahali hapo, na jinsi impasavyo mtu kupazuru.

Njia ya kutoka Muheza ni zaidi ya kilometa 30. Kwanza hupita mashambani, kisha hufika Sigi, penye lango la hifadhi. Hapo ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, kwa kuwa kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walijenga reli nyembamba toka Tengeni hadi Sigi, kusudi wateremshe mbao. Reli hiyo haipo tena. Toka Sigi njia hupanda kwa mizunguko mingi mpaka Amani, penye baridi na ukungu, ambapo mwaka 1902 Wajerumani waliweka chuo cha kuchunguza mimea.

Aendaye kwa miguu, tena kwa utulivu, huona mengi. Hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mabawa; mbega huruka toka tawi hata tawi; kinyonga hutembea kwa kusitasita, naye hana madhara, ingawa wengi humwogopa. Apigaye kelele haoni ila miti.

Penye miamba yenye kivuli huota ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya laini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Leo uzao wa ua hilo umejaa vyunguni, madirishani mwa Ulaya na Marekani. Lakini wazazi wake wangali wameshika mwamba huku, na mti wa kivuli ukikatwa, jua huwakausha. Kwa hiyo using'oe hata shina moja kwa kupenda uzuri wake.

Walakini msitu hautunzwi bure. Mwaka 1997 serikali iliufanya kuwa hifadhi, yenye hektari zaidi ya 8,000. Na huko Derema, katika miaka ya 2000, wakulima walitakiwa waache mashamba yao ya iliki, ili misitu iliyotengana iunganishwe. Iliki hupenda kivuli, lakini mkulima hufyeka miche iliyo chini, hata mti mkubwa uangukapo hauna mrithi. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini ni kweli pia kwamba iliki ndiyo iliyowapatia watoto karo na nguo. Wakulima walipewa fidia, na wako walionung'unika kuwa haikutosha.

Basi mgeni asidhani kwamba akilipa kiingilio amemaliza. Kivuli anachokifurahia, jirani wa msitu amekilipia kwa shamba lake. Yafaa achukue kiongozi wa kijijini na kumlipa ujira wake wote. Ale chakula kipikwacho pale, asijaze mkoba kwa vitu vya mjini. Afuate njia iliyopo. Na takataka zake arudi nazo mwenyewe.

Nanyi walimu, mkiweza, wapelekeni watoto. Waanze kwenye bomba la shule, waulize maji yatoka wapi, kisha waende wauone mto na miti. Na wakifika kijijini, wawasalimu wazee kwa adabu, wawaombe wawaeleze jinsi walivyoishi na msitu ule tangu zamani.