Sifuri ya Mikoko

Orodha ya vituo vya mazoezi ya kufundisha ilipotoka mwaka 2025, mwenzangu wa chumbani alipangiwa Moshi. Siku hiyohiyo akaanza kutafuta koti. Mimi nikapata Kibiti. Nilipompigia mama simu Singida, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kibiti ile ya kwenye redio?"

Sikumlaumu. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kule katika shambulio moja, na kwa miezi kadhaa jina la Kibiti lilikuwa likitajwa kwa kunong'ona. Kwa sisi watu wa bara, habari za Kibiti ziliishia hapo. Nikamwambia mama kwamba siku hizi kumetulia, ingawa mwenyewe nilikuwa nabahatisha.

Na kweli kumetulia. Kibiti niliyoikuta ni mji uliokaa kando ya barabara ya Kilwa. Mabasi ya kutoka Mbagala Rangi Tatu yanashusha watu, akina mama wanauza korosho na machungwa, bodaboda wanagombania abiria. Nikapanga chumba, nikanunua ndoo na jiko la mkaa, nikawa ticha wa fildi. Nilipewa Jiografia Kidato cha Pili. Mada iliyokuwa inaendelea ni matumizi ya misitu.

Naomba nikiri jambo moja mapema. Mimi mtoto wa Singida sikuwahi kuona mkoko kwa macho yangu. Nilichokuwa nacho ni madesa ya mwaka wa pili, kitabu cha kiada na kujiamini. Nikafundisha mikoko vipindi viwili, kwa Kiingereza, kama mwongozo unavyotaka. Wiki iliyofuata nikatoa jaribio. Swali la tatu, la alama 10, lilisema: taja miti mitatu ya msitu wa mikoko na ueleze matumizi ya kila mmoja.

Dogo mmoja wa mstari wa nyuma alijaza ukurasa mzima. Kwa Kiswahili. Aliandika mkandaa, mchu na mlilana, na chini ya kila jina maelezo marefu. Nilitazama kitabu changu, majina yale hayamo. Nikapitisha mstari mwekundu juu hadi chini, nikaandika sifuri, na pembeni nikamwagiza ajibu kwa lugha ya mtihani. Ningeishia hapo lingekuwa kosa dogo. Lakini siku ya kurudisha karatasi nilitaka darasa linipende, nikasoma jibu lake kwa sauti na kuuliza, "Huyu mkandaa ni mti au ni jina la mganga?" Darasa likavunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Mkandaa, naye hakunyoosha mkono tena.

Nanenane ya mwaka huo iliangukia Ijumaa, maana yake siku tatu za mapumziko. Bumu lilikuwa limeshaisha, ila nilikuwa na akiba kidogo. Nikapanga kwenda kisiwani Mafia nikapige picha na papa potwe, samaki yule mkubwa mwenye madoa. Nikapanda gari hadi Bungu, kisha bodaboda kwenye barabara ya vumbi hadi Nyamisati, kwenye gati la kwenda Mafia. Nilipofika, chombo kilikuwa kimeshaondoka. Kijana mmoja wa gatini alinihurumia, halafu akanimaliza: papa potwe wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba. Hii ni Agosti.

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, nahesabu nauli ya kurudi, niliposikia, "Shikamoo, ticha." Nikageuka. Alikuwa Mkandaa, kabeba dumu la petroli begani.

Alikuwa anaenda kwao Delta kwa mapumziko hayohayo. Mjomba wake alikuwa kwenye boti, anapanga magunia ya unga na kreti za soda. Nikamwamkia. Alipojua mimi ni mwalimu wa mtoto wao, hakunipa nafasi ya kujieleza. "Mwalimu ufike Nyamisati urudi bila kuona nyumbani? Haiwezekani. Panda." Sijui kuogelea. Nilipanda.

Tulisubiri maji mpaka karibu saa kumi alasiri. Ilikuwa siku za bamvua, mwezi umekaribia kujaa, na mjomba alinieleza kwamba Delta husafiri kwa saa ya maji, si kwa saa ya mkononi. Maji yakitoka, mifereji mingine inabaki tope tupu na boti inakaa palepale hadi yarudi. Tukaingia kwenye mto mpana, tukakata kushoto, tukakata kulia, na baada ya nusu saa sikujua tena bahari iko wapi. Pande zote ni ukuta wa kijani.

Mjomba akamwambia dogo, "Mwoneshe mwalimu wako miti."

Kwanza alinitazama, kana kwamba ananiuliza kama ni mtego. Kisha akaanza, polepole. Ile ya mbele kabisa, inayosimama ndani ya maji upande wa bahari, ni mililana. Mbao zake zinafaa mataruma ya majahazi, na ile mizizi inayochomoza juu ya tope wavuvi huichonga maboya ya nyavu. Ile yenye mizizi kama miguu ya buibui ni mikoko yenyewe, ambayo mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia mtini, kisha hudondoka na kujichoma kwenye tope kama mkuki. Ule wenye majani ya kijivu kwa chini ni mchu. "Lamba jani, ticha." Nikalamba. Chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia majani. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo darasani, neno kwa neno, bila kujua lina ladha gani.

Halafu akanyamaza. Mjomba akauliza, "Na ule pale?"

"Mkandaa," akasema, bila kunitazama.

Mti mwembamba, ulionyooka. Gome lake hutoa rangi nyekundu ya kutia ngozi na nyavu, na zamani lilikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo. Fito zake na boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni kujengea nyumba. Kwenye kitabu changu mti huo ulikuwemo muda wote, ila kwa jina la kisayansi, Ceriops tagal. Dogo alikuwa amepata. Alikuwa amepata yote matatu.

Kijiji sikitaji, maana mwanafunzi bado yuko shuleni na wenzake wanasoma gazeti. Tulifika jua linazama. Bibi yake alinipokea kama mjukuu aliyepotea. "Shikamoo bibi." "Marahaba baba, karibu, pole na maji." Tukala wali wa nazi wa mpunga wao wenyewe, na kamba, huku usubi nao wakinila mimi. Mzee mmoja jirani alipita kusalimia mgeni, akanieleza habari za manowari ya Mjerumani. Mimi nasoma Historia kama somo la pili, ile meli naifahamu: Königsberg, iliyojificha kwenye mifereji hii mwaka 1914 baada ya kuizamisha meli ya Waingereza pale Zanzibar, ikazingirwa kwa miezi hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmoja hadi leo uko Fort Jesus, Mombasa. Nilikuwa nimejibu swali la mtihani chuoni kuhusu vita ile. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ilikuwa safari ya boti kutoka Nyamisati, au labda waliniambia na mimi nikakariri tu.

Baada ya kula, bibi akauliza swali alilokuwa amelihifadhi.

"Mwalimu, niambie ukweli. Huyu mtoto anasoma?"

Nikaanza kusema maneno yetu yale, kwamba ana bidii, akiongeza juhudi. Mjomba akanikatiza kwa upole. Alisema mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaachia hasara ya mpunga. Alisema kodi ya geto la mtoto kule Kibiti, mafuta ya taa, unga, vyote vinatoka kwenye kaa anaowavua yeye. Kisha akasema, "Juzi alinisomea alama zake kwenye simu. Jiografia ya mikoko, sifuri. Mwalimu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu wa Delta anapata sifuri ya mikoko? Nikajiambia, basi, kama hata hili halijui, shule haimfai. Arudi tukavue kaa."

Dogo alikuwa amekaa mlangoni, anachora mchangani kwa kijiti.

Ningeweza kunyamaza. Nisingekuwa wa kwanza. Wiki tano baadaye ningerudi chuoni, na wao wangebaki na hesabu yao. Lakini ulimi wangu ulikuwa bado una chumvi ya lile jani. Nikasema, "Mjomba, jibu lake lilikuwa sahihi. Mwenye kosa ni mimi. Majina aliyoandika nilikuwa siyajui, na badala ya kumuuliza, nikamcheka mbele ya darasa."

Kimya kikawa kirefu. Bibi akasema, "Basi umejua sasa." Mjomba hakuwa mwepesi kama bibi. Alisema, "Mwalimu akikosea, mtoto ndiye anayelipa. Karekebishe. Halafu tutaona."

Tuliondoka Jumapili saa kumi alfajiri, maji yakiwa yamejaa tena, mwezi mkubwa juu ya mto. Dogo alikaa mbele na tochi. Hatukuongea sana.

Jumatatu nilisimama darasani nikasema nilichosema Delta. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Nikampa chaki, akaandika majina sita ubaoni, na darasa zima, pamoja na mimi, likayanakili. Alama nilizirekebisha: 7 kati ya 10. Si 10, kwa sababu mwalimu wa taaluma alinikumbusha jambo ambalo sikuweza kulipinga: mtihani wa taifa wa Novemba utaandikwa kwa Kiingereza, na msahihishaji wa huko hatapanda boti kwenda kuuliza mkandaa ni nini. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi tulibaki mimi na yeye, na baadaye wengine kumi na kitu kutoka Delta, tukiyavusha waliyoyajua tayari kuyapeleka kwenye lugha ya mtihani. Yeye alinipa maneno yake, mimi nikampa yangu.

Asesa wangu alikuja siku ninaanza kipindi na orodha ile ya Kiswahili ubaoni. Kwenye fomu aliandika kwamba ushiriki wa wanafunzi ni mzuri sana, na kwamba nimetumia lugha isiyo ya kufundishia. Alinikata alama hapo. Nilipata B. Mwenzangu wa Moshi alipata A, na koti.

Kaa hazikumrudisha. Mjomba alilipa kodi ya geto hadi Desemba. Matokeo ya Kidato cha Pili yalipotoka, alikuwa amefaulu, Jiografia ikiwa na C. Alinitumia meseji kwa simu ya mjomba: "Ticha C sio mbaya ila swali la mikoko halikuja." Nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikaangaliwa vibaya.

Wanachuo wenzangu, orodha ya vituo inakaribia kutoka tena. Najua kuna watakaoona jina la kituo na kuanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye. Atakayepata Kibiti asibadilishane. Aje chumbani kwangu nimpe ndoo na jiko. Na akienda Nyamisati, asitazame saa ya simu, aulize maji yanajaa lini. Abebe dawa ya usubi, na asisahau kwamba akisahihisha karatasi asiyoielewa, mwenye karatasi yupo pale mstari wa nyuma, anaweza kuulizwa.